Kiwanda Kilichofia Majini

Wanawake watatu walisema "Innalillahi" kwa pamoja, na hapo ndipo nilipojua nimeharibu.

Tulikuwa chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha wakulima wa mwani kusini mwa Pangani. Mimi ndiye mkalimani. Mgeni wetu, mtaalamu wa masoko kutoka Uingereza, alikuja kueleza kwa nini kiwanda kidogo cha kukaushia na kusagia mwani, ahadi ya tangu mwaka juzi, hakionekani. Akakohoa kidogo, akatazama viatu vyake, akasema: "I'm afraid the plant is dead in the water." Nami, kwa kujiamini kabisa, nikawageukia wanakijiji: "Anasikitika kuwaambia kwamba kiwanda kimefia majini."

Nusu ya kwanza najipa alama zote. Mkalimani mchanga akisikia "I'm afraid" husema "naogopa", na mkutano mzima ukabaki kujiuliza mtu mzima na akili zake anaogopa nini mchana kweupe. Mtego huo nilishauruka zamani. Nilinaswa na wa pili. Mama mmoja aliyekuwa akikata taitai, zile kamba ndogo za kufungia miche ya mwani kwenye kamba kubwa, aliacha kisu hewani. "Wamekufa wangapi?" Mwingine akataka kujua mashine zilipakiwa chombo cha nani. Haikupita dakika, kiwanda kilikuwa kimeshapakiwa jahazini, jahazi limeshapinduka katika mkondo wa Pemba, na watu wanawahesabu vijana wao waliovuka wiki ile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi aliyekaa pembeni, mgongo kwenye shina. "Mwanangu," akaniambia taratibu, "hebu muulize vizuri. Hicho chombo kimezama au kimesimama?"

Nikauliza. Kimesimama, mgeni akasema. Fedha hazijaja, hakuna kinachosogea.

"Basi kimekosa upepo," akasema mzee, na watu wakashusha pumzi.

Mzee yule hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini alilolisema ndilo hasa maana ya maneno yale. Waingereza walikuwa wakisema hivyo kuhusu meli iliyotulia tuli majini, haiendi mbele wala nyuma. Hakuna aliyekufa. Mimi mwenye vyeti niliyatafsiri maneno, yeye akaiona meli.

Nahau za Kiingereza nilifundishwa kama dawa ya malaria: meza, usiulize. Kidato cha pili mwalimu alichora mstari katikati ya ubao, kushoto akaandika nahau, kulia maana yake, nasi tukanakili mpaka vidole vikauma. "To kick the bucket", kufa. "Once in a blue moon", kwa nadra sana. "It is raining cats and dogs", mvua kubwa. Hii ya mwisho ilipendwa kuliko zote. Insha zetu zote zilianza na paka na mbwa wakinyesha kutoka mbinguni, hata insha ya harusi ya mwezi wa Januari. Tangu wakati huo nimefanya kazi na Waingereza wengi, nimenyeshewa nao pia, na sijamsikia hata mmoja akiitamka.

Orodha ile ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilitupa maana bila adabu yake. Ukiambiwa tu kwamba kupiga teke ndoo ni kufa, kitakuzuia nini usimwandikie mtu aliyefiwa kwamba umesikitika kusikia baba yake amepiga teke ndoo? Mwenzetu mmoja aliandika hivyo hivyo katika barua ya zoezi la darasani, akapewa tiki. Francis Grose aliiweka nahau hiyo mwaka 1785 katika kamusi yake ya lugha ya mitaani, pamoja na maneno ya wezi na walevi, na hadi leo ina harufu ya huko. Kwetu ni sawa na kuingia matangani, ukamshika mfiwa mkono, ukamwambia, "Pole sana, nimesikia mzee kakata kamba."

Baada ya aibu ile ya mwani nililala Pangani kwa babu. Babu amekula chumvi nyingi. Waingereza nao baharia mkongwe humwita "old salt", kwa hiyo yeye ni chumvi kwa lugha zote mbili. Alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, akibeba mbata na boriti kati ya Pangani, Unguja na Pemba, mpaka macho yalipomkataza. Siku hizi bandari yake ni baraza la nyumba, anakaa akitazama pantoni ikienda Bweni na kurudi, na kila ikitia gati ana neno la kumlaumu anayeiendesha.

Nilimwamkia, nikamsimulia yaliyonikuta. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, "Hao Wazungu wana maneno mengine ya namna hiyo?"

Nikampa nililokuwa nalo karibu: "three sheets to the wind", mtu aliyelewa chakari. Miaka yote nililichukua kama mashuka matatu yaliyoanikwa kwenye upepo. Sikuona mashuka yanaingiaje kwenye ulevi, lakini nilishazoea kutouliza. Nilipokuja kuangalia kamusi ya mabaharia, nikakuta kwamba "sheet" melini si shuka wala si tanga. Ni kamba. Ndiyo ile inayofungwa kwenye pembe ya chini ya tanga ili kulizuia na kuliongoza.

"Demani," akasema babu kabla sijamaliza.

Akainuka. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na kanga ya bibi, bado na unyevu. Akaivuta, pembe mbili za juu akanishikisha mimi niwe foromali, ule mti unaobeba tanga, ya chini akaifunga kwa uzi wa nailoni kwenye mguu wa benchi. Kusi lilikuwa linavuma kutoka mdomo wa mto. Kanga ikajaa, ikatuna kama shavu la mpiga zumari, na benchi likasogea kidogo kwenye sakafu. "Unaona inavuta? Chombo kinakwenda hapo." Kisha akaufungua uzi. Kanga ikaanza kupiga piga, ikanichapa usoni, ikajizungusha shingoni, mara huku mara kule, haina nguvu tena ila kelele tu. Mimi huku nimenyoosha mikono kama mwanasesere wa shambani.

"Ulevi ndio huo," akasema.

Nikamweleza kwamba meli zao zilikuwa na matanga mengi ya mraba, na kila tanga na demani zake, ndiyo maana wao huhesabu mpaka tatu. Zikilegea tatu, meli nzima inayumba kama mtu anayetoka kilabuni usiku. Babu akatikisa kichwa kwa kuwahurumia. "Mimi chombo changu kilikuwa na tanga moja, demani moja. Hiyo moja ikikatika, tumelewa sote."

Bibi akatoka ndani kuuliza nani kaishusha kanga yake.

Usiku ule hatukulala mapema. Nilikuwa nikikumbuka nahau, naye ananiuliza swali moja tu: hiyo kazi ilikuwaje? Hakujali maana yake ya leo. Kwa mfano "by and large", ambayo mimi hutafsiri "kwa jumla" mara kumi kwa wiki bila kuifikiria. Kumbe "by" ni kwenda karibu na upepo, omo, yaani mbele ya chombo, ikiutafuta upepo unakotoka, na "large" ni kwenda na upepo wa nyuma. Meli iliyosifiwa kwa yote mawili ilikuwa meli njema kwa namna zote, basi neno likaja nchi kavu likawa kwa jumla. Babu aliipenda hii kwa sababu inagusa kidonda chake. Jahazi la tanga moja likipata upepo wa tezi, wa nyuma, ni malaika. Likipata upepo wa omo inabidi upige bishi, huku na huku, upande wa joshi, ule unaopigwa na upepo, ukibadilika kila mara, foromali ikipitishwa mbele ya mlingoti na watu wakitokwa jasho. Sifa ya "by and large", alisema, hakuwahi kuipa chombo chochote. Watu wachache tu.

Nikaleta "taken aback". Hii hutafsiriwa "kushangaa" au "kupigwa na butwaa", na ni sawa. Lakini ilianza kwa tanga. Upepo ukigeuka ghafla ukaja kwa mbele, tanga hubandikwa kwenye mlingoti kinyumenyume na meli husimama kana kwamba imeshikwa kifuani. Babu alinyamaza kwa muda. Akasema yalimpata mara moja, karibu na Pemba, na hakuna aliyepiga kelele wakati ule. Kelele zilikuja baadaye. Tangu aniambie hivyo, "taken aback" naitumia kwa uangalifu zaidi. Si mshangao wa mtu aliyeona bei ya nyanya. Ni ule wa sekunde ambayo mwili haujui bado ufanye nini.

Na "the bitter end" ilinirudisha kwenye kosa langu jingine. Niliwahi kutafsiri hati ndefu ya madai, mahali palipoandikwa kwamba familia itapigana "to the bitter end" nikaandika "hadi mwisho mchungu". Mteja hakulalamika. Lakini Nahodha John Smith, yule wa koloni la Virginia, katika kitabu chake cha ubaharia cha mwaka 1627, anaeleza kwamba mwisho huo ni sehemu ya kamba ya nanga inayobaki melini, iliyozungushwa kwenye vigingi imara vya sitahani vinavyoitwa "bitts". Ukishaitoa kamba mpaka hapo, huna nyingine ya kuongeza. Kina kikizidi, basi. Uchungu haumo kabisa.

Au upo? Waingereza nao wamesoma Mithali, na sura ya tano inasema mwisho wa mwanamke mgeni ni mchungu kama pakanga. Muingereza wa leo akisema "bitter end" anasikia uchungu, hasikii kamba. Kwa hiyo tafsiri yangu haikuwa mbaya sana, ingawa niliipata kwa njia isiyo halali. Siku hizi naandika "hadi kamba ya mwisho" pale ambapo msomaji ni mtu wa pwani, na "hadi dakika ya mwisho" pale ambapo ni wakili.

Huku ndiko nahau za baharini zilikonifikisha: mwenye lugha naye hazijui. Nimewauliza Waingereza watatu "sheet" ni nini katika ile ya mlevi, wawili wakasema tanga, mmoja akasema hajawahi kufikiria. Sisi je? Dereva wa lori aliyezaliwa Tabora anasema safari imekwenda mrama, hajapanda hata mtumbwi, na mrama ni ule mlalo wa chombo kinapobingirishwa na mawimbi ubavu hadi ubavu. Mtangazaji wa redio akiwa Mbeya, juu ya milima, anasema ligi imeng'oa nanga. Bahari imeingia bara kwa mdomo tu. Tena kuna mahali tumewazidi ubaharia. Wao wakitaka kusema kwamba wakubwa wengi huharibu kazi, wanakimbilia jikoni, kwamba wapishi wengi huharibu mchuzi. Sisi twasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Taifa la wanamaji, na hao wapo jikoni!

Lakini ulinganifu huu una hila, na neno lililonipa shida kuliko yote ni letu wenyewe: shwari. Mambo shwari? Shwari kabisa. Kwa sikio la leo hakuna habari njema kuliko hiyo. Babu hulichukia. Shwari kwa nahodha wa tanga ni kukaa katikati ya mkondo, jua utosini, tanga limening'inia kama ngozi ya mzee, maji ya kunywa yanapungua, na mkondo unakupeleka unakotaka wenyewe. Neno letu limebaki na furaha ya abiria na ya mvuvi wa mtumbwi. Kiingereza kimebaki na huzuni ya nahodha: uchumi ukidorora wanasema umo "in the doldrums". Neno hilo lilianza kama hali ya moyo, unyonge na uzito wa mtu, mabaharia wakalihamishia kwenye meli iliyokosa upepo, halafu ukanda wa bahari karibu na ikweta ukapewa jina hilo. Sasa fikiria mfasiri aliyeonja utamu wa kulinganisha bahari na bahari, akaandika kwamba uchumi wa Ulaya umo kwenye shwari. Wasomaji watashukuru Mungu.

Na utamu huo una uwongo wake. Kwa miaka miwili nilikuwa nikieleza kwa majivuno, hata mbele ya darasa la wakalimani, kwamba "posh", maana yake ya kifahari, ni herufi za tiketi za meli za kwenda India: matajiri walilala upande wa kushoto wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, ili wakwepe jua, na kwa Kiingereza "Port Out, Starboard Home". Hadithi nzuri mno. Kasoro yake ni kwamba hakuna tiketi hata moja iliyowahi kupatikana ikiwa na herufi hizo. Wachunguzi wa maneno wamechoka na hadithi za aina hii hata wakabuni kamati ya utani, kazi yake kukipachika kila kitu asili ya baharini, na kifupi chake kinasomeka CANOE, yaani mtumbwi. Nilimwambia babu. Akasema hata pwani watu wa aina hiyo wapo, ila hawana kamati.

Nikifika kwenye michezo nimepwelewa kabisa. "Ballpark figure" ni makadirio tu, lakini inatoka kwenye besiboli ya Wamarekani, na nimeona tafsiri rasmi, yenye nembo juu, inayosema "takwimu za uwanja wa mpira". "Sticky wicket", hali ngumu, inatoka kwenye kriketi, kiwanja kilicholowa kikaanza kukauka juani na mpira ukawa haueleweki unarukia wapi. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, lakini babu hana kamba ya kunionyesha hapo, nami sijawahi kushika gongo. Nahau hizi nazimeza kama zamani, natoa maana, naendelea na kazi.

Kupwelewa, nililolitumia hapo juu, ndilo lililonirudisha kijijini. Ilikuwa Novemba, mkutano wa pili, mwembe ule ule, na mtaalamu yule yule, safari hii na kofia. Akaeleza kwamba wafadhili wamejitoa na mradi umeachwa "high and dry". Nilitaka kumkumbatia. Hiyo ni meli iliyoachwa na maji kwenye mchanga, imekaa juu kabisa na imekauka. Nikawageukia watu: "Anasema mradi umepwelewa."

Hakuna aliyesema Innalillahi. Mama wa taitai akaguna, akaendelea kukata. Vichwa vikatikisika. Mzee mvuvi, kwenye shina lake, akaliweka neno hilo kinywani kidogo, kisha akauliza:

"Bamvua lini?"

Swali lilikuwa kamili. Chombo kilichopwelewa hakisukumwi, kinasubiriwa maji makubwa, yale yajayo kwa mwezi mpya na kwa mwezi mpevu, yaje yakiinue. Anataka kujua fedha za kutosha kukiinua kiwanda zitakuja lini. Nilifurahi mno kuwa na neno la Kiingereza tayari, neno sahihi, neno la mabaharia. Nikamwambia mtaalamu kwamba mzee anauliza "spring tide" ni lini.

Uso wake ukang'aa. Akafungua kalenda kwenye simu yake, akapitisha kidole, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata hatimaye swali analoliweza: "Spring? April, hopefully."

Mimi najua kwamba "spring" ile haina uhusiano na majira ya maua ya kwao. Ni ya kuruka, ya maji kupanda. Yeye hakujua, na sikuwahi kufikiria kwamba hajui. Mzee alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Anasema Aprili," nikasema.

Mzee akahesabu kwa vidole, akarudia tena kuhesabu. "Mwambie," akasema, "hapa kwetu bamvua huja mara mbili kwa mwezi."